Kuwinda Kulungu kwa Upinde na Mishale ya Kujitengenezea

Upinde wa mti uliochongwa kwa mkono ni silaha ya karibu. Mwenye bunduki anaweza kumpiga kulungu aliye umbali wa mita 200, na mwenye upinde wa kisasa wa magurudumu hufikisha mshale mita 30 au 40 bila taabu kubwa. Lakini upinde wa kipande kimoja cha mti, mikononi mwa mtu aliyejizoeza vya kutosha, huishia mita 15, na kwa mpigaji hodari labda mita 20. Umbali huo mfupi ndio unaoamua kila kitu kinachoelezwa hapa, tangu mti unaoukata hadi mahali unapoketi kumvizia mnyama. Kulungu anayezungumziwa ni wa ile jamii ambayo dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine, hasa kulungu mwenye mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, ingawa mengi yanawahusu pia jamaa zake wenye umbo la wastani.

Sheria itangulie shoka. Uingereza na Ujerumani zimepiga marufuku kuwinda kulungu kwa upinde. Nchini Marekani uwindaji huo unaruhusiwa kwa leseni na katika msimu maalumu, na majimbo mengi huweka nguvu ya chini kabisa ya kuuvuta upinde, mara nyingi ratili 35 au 40, pamoja na upana wa chini wa kigumba, yaani ncha ya mshale inayokata, mara nyingi milimita 22. Vigumba vya mawe vinakubalika mahali pengine na kukataliwa kwingine. Soma kanuni za eneo lenyewe utakalowinda, kwa kuwa hakuna hasara ya kijinga kama kumaliza miezi kadhaa ukichonga kifaa usichoruhusiwa kuingia nacho porini.

Kuhusu nguvu, upinde wa ratili 45 hadi 50, yaani kilo 20 hadi 23, unatosha kabisa kupitisha mshale mbavuni mwa kulungu ukatokea upande wa pili, mradi mshale uwe mzito na kigumba chake kiwe kikali. Wanaoanza wengi hupenda kuchonga pinde za ratili 60 au 70 kwa fahari tu, kisha wakashindwa kuzishikilia hata sekunde mbili zikiwa zimevutwa, na mkono unaotetemeka hauna shabaha. Kulungu hutokea wakati misuli yako imepoa na mwili umekakamaa kwa baridi na kukaa kitako, kwa hiyo upinde unaouvuta kwa shida nyumbani utakushinda huko.

Mti na ukaushaji wake

Mti wa upinde uwe mgumu, wenye nyuzi ndefu zilizonyooka, usio na mafundo wala msokoto. Amerika Kaskazini husifiwa hikori, mwaloni mweupe na ule mti wa manjano uitwao oseji. Pinde za Holmegaard, zilizopatikana kinamasini nchini Denmark mwaka 1944 na ambazo zina umri wa takriban miaka 9,000, zilichongwa kwa mti wa elmi, tena mikono yake, yaani sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya kishikio, ni mipana na bapa, umbo ambalo hadi leo ndilo ninalompendekezea anayeanza, kwa sababu mkono mpana hugawa mkazo juu ya sehemu kubwa ya mti na husamehe makosa madogo ya mchongaji. Usipoijua miti kwa majina, litazame gome. Nyufa zake zikipanda wima, nyuzi za ndani nazo aghalabu zimenyooka. Zikilizunguka shina, achana na mti huo.

Chagua shina lenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, ukate kipande cha mita mbili, kisha ukipasue kwa kabari wala si kwa msumeno, kwa kuwa kabari hufuata njia ya nyuzi ilhali msumeno huzikata. Siku hiyohiyo zipake ncha zote mbili gundi ya mbao, rangi au nta. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na ncha zikiachwa wazi mpasuko huweza kufika katikati ya kipande. Kipande kizima kinaweza kuchukua mwaka kukauka. Lakini ukikichonga kwanza kikakaribia umbo la upinde, ukakifunga kwenye ubao ulionyooka ili kisijikunje, ukakiweka kivulini penye hewa, miezi michache huweza kutosha. Kipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mti umelingana na hewa ya mahali hapo. Unyevu wa asilimia 8 hadi 10 ndio unaotakiwa: mti mbichi hutoa upinde mvivu unaobaki umepinda hata baada ya upote, yaani kamba ya upinde, kutolewa, na uliokauka kupita kiasi hukatika ghafla.

Kuchonga na kusawazisha mpindo

Upande wa upinde unaoelekea shabaha huitwa mgongo, na unaokuelekea wewe ni tumbo. Mgongo hunyooshwa kwa nguvu kila upinde unapovutwa, kwa hiyo lazima uwe pete moja ya ukuaji isiyokatika tangu ncha moja hadi nyingine. Kwa hikori na elmi kazi ni ndogo: bandua gome, na mti ulio chini yake ndio mgongo, usiuguse tena. Oseji ina tabaka jeupe la nje ambalo kwa desturi huondolewa, ndipo mchongaji afuate pete moja ya manjano kwa kisu cha mikono miwili na kikwaruzio. Kazi hiyo ifanywe polepole, mwanga ukitoka ubavuni. Kisu kikiwa kwenye tabaka laini lililo kati ya pete mbili, hukwaruza kwa sauti kavu na kutoa unga. Kikigusa pete ngumu, sauti hufifia na utepe unaong'aa huanza kujikunja juu ya makali. Sikio hutambua badiliko hilo kabla ya jicho, na hapo ndipo pa kusimama.

Kwa mtu anayevuta mshale hadi sentimita 71, upinde wa urefu wa sentimita 170 ni salama. Acha sentimita 10 za katikati ziwe kishikio kinene kisichopinda, na kila upande wa kishikio sentimita 5 za kushukia taratibu kwenye mkono wa upinde. Mikono iwe na upana wa sentimita 4.5 hadi kufikia nusu ya urefu wake, kisha ipungue kwa mstari ulionyooka hadi sentimita 1.2 kwenye ncha. Unene wa kuanzia uwe kama sentimita 1.5, na mstari wa unene uchorwe ubavuni ukifuata mawimbi ya mgongo: mgongo ukiinuka, mstari nao uinuke. Ukichonga tumbo likanyooka juu ya mgongo wenye mawimbi, umetengeneza sehemu nyembamba zitakazovunjika.

Kinachofuata ni kusawazisha mpindo, na pinde nyingi hufia hapo. Simamisha ncha moja sakafuni, sukuma kishikio kwa kiganja, uangalie kila mkono unavyopinda. Kila mahali panapobaki pameganda kama ubao pakwanguliwe, kila mahali panapojikunja kuliko jirani pasiguswe kabisa. Mikono yote miwili ikianza kupinda sentimita 10 hivi kwa usawa, tia upote mrefu uliolegea, weka upinde kwenye gogo lililokitwa ukutani lenye kapi chini yake, na uuvute kwa kamba ukiwa umesimama mbali ili uone umbo lote. Kanuni ni moja na haina msamaha: usiuvute upinde kwa nguvu inayozidi ile unayokusudia iwe ya mwisho. Ukitaka ratili 45, mizani ikifika 45, simama hapo hata kama upote umesogea sentimita 30 tu. Punguza unene wa tumbo, kisha ujaribu tena. Baada ya kila kukwangua, vuta upinde mara 20 au 30 kwa umbali mfupi kabla ya kuamua lolote, kwa sababu mti huchelewa kuonyesha athari ya ulichokiondoa.

Kadiri unavyokaribia mwisho, tumia kikwaruzio peke yake wala si tupa wala randa. Upinde uliosawazishwa vizuri hupinda kidogo karibu na kishikio, zaidi katikati ya mkono, na kidogo tena kwenye ncha, huku mikono miwili ikifanana. Mkono wa chini huachwa kuwa mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa kuwa mshale hukaa juu ya katikati. Zungusha kingo zote kwa msasa, hasa za mgongo, maana mpasuko hupenda kuanzia kwenye kona kali. Mafuta ya kitani au nta hukinga mti na mvua.

Upote unaweza kusokotwa kwa kitani au poliesta, wenye uwezo wa kubeba angalau mara nne ya nguvu ya upinde. Kano za mnyama ni za jadi na zina nguvu, ila hulegea zikilowa, kwa hiyo kwa mwindaji wa msimu wa mvua sizipendekezi. Upinde ukishatiwa upote, nafasi kati ya upote na kishikio iwe kama sentimita 15. Usiuachie upinde mtupu bila mshale hata mara moja, wala usiuache umetiwa upote usiku kucha.

Mshale

Anayejitengenezea vifaa kwa mara ya kwanza humaliza bidii yake yote kwenye upinde, kisha akaunganisha mishale kwa haraka ya siku mbili. Nadhani afanye kinyume. Upinde wa wastani wenye mshale uliolingana nao vizuri humfikia kulungu, ilhali upinde bora wenye mishale iliyopishana kwa uzito na ugumu hautapiga mahali pamoja mara mbili.

Uti wa mshale unaweza kuwa chipukizi lililonyooka la kichaka kigumu, mwanzi, au fito iliyochongwa kutoka ubao wenye nyuzi zilizonyooka. Vichipukizi hukatwa vikiwa vinene kuliko kidole kidogo, hufungwa mafungu yaliyobanwa sana, na kukaushwa kivulini. Kisha kila kimoja hupashwa moto juu ya makaa hadi kiwe cha moto mkononi bila kuungua, kikakunjwa kinyume cha kombo lake na kushikiliwa hivyo hadi kipoe. Kombo litarudi kidogo, nawe utalinyoosha tena. Mwanzi hunyooka kwa urahisi zaidi, ila pengo la kutia upote halina budi kuzungushiwa uzi ili lisipasuke.

Ugumu wa uti ndio unaoamua kama mshale utaruka sawa. Upinde wa kujitengenezea kwa kawaida haujakatwa dirisha, yaani mwanya wa kupitishia mshale ubavuni mwa kishikio, linalofika katikati, hivyo mshale ukiachiwa hauna budi kujipinda na kukizunguka kishikio kabla ya kunyooka tena njiani. Uti mgumu mno hukengeuka upande mmoja, laini mno upande mwingine. Pigilia misumari miwili iliyoachana sentimita 66, laza uti juu yake, utundike katikati uzito wa ratili mbili, yaani gramu 907, kisha pima uti umeshuka kiasi gani. Ukishuka milimita 13, ugumu wake unahesabiwa kuwa wa ratili 50. Ukishuka milimita 16.5, ni wa ratili 40. Kwa upinde wa ratili 45 usio na dirisha, anza na uti wa ratili 40 au chini kidogo, uufanyie majaribio, na pindi unapopata uti unaoruka bila kutikisa mkia, chonga wenzake wote wafanane nao. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, uti mgumu mno huelekea kushoto, na dawa yake ni kuukwangua katikati kidogo kidogo au kuuongezea uzito wa mbele.

Uzito wa mshale mzima uwe gramu 30 hadi 36. Mshale mwepesi hukimbia zaidi na huvutia machoni, lakini upinde wa polepole huusukuma vizuri zaidi mshale mzito, kishindo cha upote hupungua, na mshale huendelea kupenya baada ya kugonga ubavu. Kati ya uzito huo, gramu 8 hadi 10 ziwe kwenye kigumba.

Manyoya yatoke kwenye bawa la bata mzinga au bata bukini, matatu kwa kila mshale, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, na yote matatu yatoke bawa la upande mmoja: la kulia tu au la kushoto tu. Kila unyoya una mkunjo wake wa asili, na mkunjo huo ndio unaouzungusha mshale. Ukichanganya pande mbili, mmoja husukuma huku na mwingine kule. Pasua uti wa unyoya katikati, usugue hadi uwe mwembamba kama karatasi, ufunge ncha zake mbili kwa uzi au ukano uliolainishwa kwa mate, na upake gundi. Unyoya unaosimama peke yake kinyume na pengo uelekee nje, mbali na upinde.

Kigumba

Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata mishipa na mapafu ili damu itoke upesi, na kwa hiyo ukali wa kigumba si pambo bali ndio uwezo wenyewe wa silaha. Kigumba cha bapa chenye makali mawili kinaweza kukatwa kutoka msumeno mkuukuu wa mviringo: pasha chuma hadi kiwe chekundu, kiache kipoe taratibu ndani ya majivu ili kilainike, kisha kata pembetatu yenye upana wa milimita 28 na urefu wa karibu mara tatu ya upana huo. Ulalo mrefu wa namna hiyo huteleza ndani. Kigumba kifupi na kipana hukwama kwenye mfupa na kumaliza nguvu za upinde. Baada ya kukichonga kwa tupa, kipashe tena hadi sumaku iache kukishika, ukitumbukize ndani ya mafuta yenye uvuguvugu, halafu kikae kwenye joko la nyuzi 200 hadi 230 za Selsiasi kwa saa moja ili kisivunjike kama kioo.

Kitie kwenye mwanya uliokatwa ncha ya uti, ukijaze kwa utomvu uliopikwa na vumbi la makaa, uufunge kwa ukano. Zungusha mshale juu ya kucha ya kidole gumba: ncha ikiyumba, kigumba kimekaa upande na mshale utapotoka. Noa kwa tupa laini, kisha jiwe, kisha ngozi, hadi makali yanyoe nywele za mkono bila kusukumwa. Kikiwa kimeguswa na mchanga wakati wa majaribio kinolewe upya, na ndani ya podo vigumba visigusane wala visisugue ngozi.

Mazoezi

Piga kwanza ukiwa hatua tano kutoka kwenye shabaha, bila kujali alama, mpaka mkono wa kuvuta ufike pembeni mwa mdomo mahali palepale kila mara. Ndipo urudi nyuma kidogo kidogo. Umbali wako wa kuwinda ni ule ambao mishale yako yote, wala si mingi yake, inaingia ndani ya sahani yenye upana wa sentimita 20, kwa kuwa huo ndio ukubwa wa eneo la moyo na mapafu ya kulungu. Ikiwa umbali huo ni mita 12, basi wewe ni mwindaji wa mita 12 msimu huu.

Mazoezi yenye thamani kubwa kuliko yote ni mshale mmoja wa asubuhi, bila kupasha misuli, ukiwa umevaa koti lilelile la kuwindia, kwa sababu porini hupewi mshale wa majaribio. Piga ukiwa umepiga magoti, umeketi, na umejipinda kiunoni; upinde wa sentimita 170 unahitaji nafasi, na kuinamisha upinde ubavuni ili ncha ya chini isigonge ardhi ni ustadi wa kujifunza mapema. Jaribu pia mishale yenye vigumba halisi, maana ubapa wa chuma hushika upepo na unaweza kubadilisha njia ya mshale.

Tena kuna jambo la sauti. Mshale wa upinde kama huu huenda kwa mwendo wa karibu mita 45 kwa sekunde, nayo sauti ya upote huenda mita 340. Kwenye mita 15 kulungu husikia upote karibu theluthi moja ya sekunde kabla ya mshale kufika, na kwenye mita 25 muda huo unakaribia nusu sekunde. Kulungu aliyeshtuka hujishusha kwanza ili akusanye nguvu za kuruka, na mshale ukampita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, ukamjeruhi juu. Vipande vya manyoya ya mnyama au sufi vilivyofungwa kwenye upote, robo ya urefu kutoka kila ncha, hupunguza mlio huo, lakini tiba halisi ni kumkaribia.

Kuvizia

Kumnyemelea kulungu kwa miguu hadi mita 15 kunawezekana, ila kwa anayeanza ni njia ya kuwatimua wanyama wote wa eneo. Afadhali kukaa. Tafuta njia yenye nyayo mpya inayounganisha mahali wanapolala na mahali wanapokula, hasa penye matunda ya mwaloni yaliyoanguka, au kivuko cha kijito, au mwanya wa uzio. Kulungu hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Katika msimu wa kupandana madume hukwangua ardhi na kusugua pembe zao kwenye vijiti, na alama hizo huonyesha njia za dume vizuri kuliko nyayo.

Upepo una uzito kuliko vyote. Kulungu anaweza kukuona akadhani umegeuka kisiki, anaweza kukusikia akasubiri, akikunusa, hasubiri. Kaa upande ambao upepo unatoka njiani kuja kwako, au unakata njia kwa pembe. Kumbuka kwamba katika miteremko hewa hupanda asubuhi jua linapopasha ardhi na hushuka jioni inapopoa, hivyo maficho mazuri ya asubuhi yanaweza kuwa mabaya jioni. Unga laini au unyoya uliofungwa kwa uzi kwenye ncha ya upinde utakuonyesha. Ishi, mtu wa kabila la Wayahi aliyejitokeza Oroville, California, mwaka 1911, na ambaye ndiye aliyemfundisha daktari Saxton Pope kupiga upinde, hakuvuta tumbaku wala kula samaki kabla ya kwenda kuwinda, akijisafisha mwili kwanza. Sioni cha kuongeza hapo.

Macho ya kulungu hayatofautishi vizuri rangi nyekundu na ya machungwa, lakini huona sana buluu na huona mwendo kupita kiasi. Jifiche nyuma na pembeni, mgongo wako ukiwa kwenye mti mnene kuliko mabega, na ukate matawi yatakayogusa mikono ya upinde. Ukipanda juu ya mti, jifunge mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha ardhi, na usipite mita 4 au 5: kadiri unavyopanda ndivyo mshale unavyoingia kwa mwinamo, na huenda ukagusa pafu moja tu.

Kupiga na kufuatilia

Mpige kulungu aliyekupa ubavu, au aliyekuacha kidogo kwa pembe. Akiwa ubavu, lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi ya kwanza ya kifua kutoka chini. Akiwa ameelekea mbali kwa pembe, lenga ili mshale utokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Aliyekuelekea uso kwa uso, aliyekupa mgongo, kichwa na shingo, yote hayo mwache apite. Upinde wa ratili 45 hauvunji mifupa ya bega kwa uhakika. Vuta wakati kichwa chake kiko nyuma ya mti au kimeinama kula, chagua unywele mmoja badala ya kumtazama mnyama mzima, uachie.

Baada ya hapo, tulia. Kumbuka alisimama wapi na umuone mara ya mwisho kwenye mti gani. Nenda polepole ukatafute mshale. Damu nyekundu mpauko yenye povu ni ya mapafu, na nusu saa ya kungoja inatosha. Damu nzito yenye wekundu wa kuiva huenda ni ya ini, ngoja saa tatu au nne. Ukiona uchafu wa kijani na harufu ya tumbo, mshale umepita matumboni. Ondoka kimya, urudi baada ya saa 8 hadi 12, kwani akisumbuliwa mapema atakimbia umbali mrefu bila kuacha damu. Mvua ikitishia au joto likiwa kali utalazimika kupima hasara mbili, na mara nyingi kungoja bado ndiko bora. Unapofuata, tembea pembeni mwa alama, tundika kipande cha karatasi kila penye damu, na ukipotewa rudi kwenye alama ya mwisho badala ya kuzungukazunguka. Angalia damu kwenye majani ya kimo cha kifua chake, si ardhini tu, na usisahau sehemu zenye maji.

Mfikie kutoka nyuma, umguse jicho kwa ncha ya kijiti kirefu, lisipopepesa, amekufa. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya kifua, hesabu vipande vya mshale wako, kwa sababu kigumba kilichokatikia ndani kitakata kidole kama kilivyokata mapafu. Pasua ngozi ya tumbo makali yakielekea juu ili usitoboe utumbo wala kibofu, toa vyote vya ndani, geuza mzoga ili damu imwagike, na uuachie nafasi ya hewa. Nyama ishuke chini ya nyuzi 4 za Selsiasi haraka iwezekanavyo. Mahali penye ule ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, usikate ubongo wala uti wa mgongo, vaa glavu, na upeleke sampuli ipimwe kabla nyama haijaliwa.